Cheti cha Pook

Karatasi ya Luteni-Kamanda Rowland Tresidder ilikosa neno moja, na neno lenyewe lilikuwa "kabisa".

Ni karatasi nyembamba, haizidi kiganja kwa ukubwa. Kila afisa wa jeshi la majini la Mwingereza hupewa na kapteni wake siku anapoondoka melini. Maneno yake hayajabadilika tangu enzi za matanga: kwamba afisa fulani ametumikia chini yangu, kwa kiasi na kwa bidii, kwa kuniridhisha kabisa. Tresidder alikuwa nazo kumi na nne ndani ya bahasha, ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba. Zote kumi na nne zilisema kabisa. Hii ya kumi na tano, ya manowari Halidon, ilisema "kwa kuniridhisha", kisha nukta, kisha saini ya Kapteni Lionel Garside.

Aliiweka mezani wakati wa chai ya asubuhi, nyumbani kwao Southsea, mwanzoni mwa Juni 1934. Mkewe Winifred aliisoma akaisukuma kwa baba yake. Mzee Ambrose Luscombe naye aliwahi kuwa luteni-kamanda. Alistaafu akiwa na cheo hicho hicho, na sasa alikuwa akiishi chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwe wake.

"Ameridhika," mzee alisema. "Hata mimi nimeridhika na samaki huyu. Sikusema nitammaliza."

"Baba, tafadhali."

"Tafadhali nini? Mtu akiandikiwa ameridhisha, maana yake hakuridhisha. Mimi waliniandikia hivyo mwaka 1906 huko China. Nitazame. Nakula samaki wa mkwe."

Tresidder alijua hesabu kuliko wote wawili. Luteni-kamanda hupewa miaka minane. Kila mwisho wa Juni na kila mwisho wa Desemba hutoka orodha ya wanaopandishwa kuwa makamanda. Miaka minane ikimpita bila jina lake kutokea, basi. Atakaa na cheo hicho akiwatazama vijana aliowafundisha kufunga mafundo wakimpita, mpaka aambiwe aende nyumbani. Miaka minane ya Tresidder ilikuwa inaisha Julai. Ilibaki orodha moja, ya tarehe thelathini Juni.

"Ulimfanya nini?" Winifred aliuliza.

"Nilimwambia tuteremshe nanga ya pili."

"Ndiyo hilo tu?"

"Nilimwambia mara mbili."

Habari yenyewe Winifred alikuwa anaijua nusu. Mwezi wa Mei, Halidon ikiwa imetia nanga Portland, upepo ulianza kupanda jioni. Tresidder ndiye aliyekuwa msimamizi wa nanga. Saa mbili na dakika arobaini alishuka kumwarifu kapteni kwamba nanga moja haitoshi. Kapteni alikuwa mezani na wageni kutoka pwani, wanawake watatu na mbunge mmoja. Akasema acha kwanza wageni wamalize kula. Tresidder akarudi tena baada ya nusu saa, akaambiwa anasumbua. Saa nne kasoro robo meli ilianza kukokotwa na upepo, nanga ya pili ikateremshwa kwa pupa, mnyororo ukaruka. Baharia aliyekuwa kwenye breki ya mnyororo, Jabez Pook, alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Halidon nayo ikapasua ubavu wa meli jirani.

"Nenda kamuulize," Winifred alisema. "Huenda amesahau."

"Mtu haulizi."

"Mtu haulizi, mtu anaachwa. Chagua."

Mzee Luscombe alicheka hadi akakohoa. "Kapteni anaweza kusahau jina la mtoto wake. Hilo neno halisahau."

"Ameniita," Tresidder alisema. Akatoa barua fupi iliyokuja pamoja na ile karatasi. "Anasema cheti cha jeraha cha Pook hakijakamilika. Nikipeleke mwenyewe."

Winifred alimmiminia mumewe chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa nusu.

"Basi ndicho anachotaka," alisema. "Mpe."

*

Baharia akiumia kazini huandikiwa cheti cha jeraha. Hutajwa mahali, siku, kiungo kilichoumia, na kuna mstari unaouliza kama mtu huyo alikuwa timamu au amelewa. Afisa aliyekuwapo ndiye hujaza na kutia saini. Baraza la madaktari likikiona kisafi, mtu hupata pensheni. Kikiwa na doa la pombe, hutoka na nguo zake tu.

Halidon ilikuwa gatini Portsmouth ikitengenezwa, na mafundi walikuwa wakigonga mabati kutwa. Kapteni Garside alimpokea Tresidder chumbani kwake akiwa amefunga madirisha kwa sababu ya kelele. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye mikono misafi mno.

"Keti, Namba Moja. Bado nakuita hivyo, kama ungali msaidizi wangu melini; mazoea. Mkeo hajambo?"

"Hajambo, mkuu."

"Na binti? Anaanza bweni Septemba, nasikia. Ghali, shule hizi." Aliivuta ile fomu ya Pook. "Hapa kuna mstari uko wazi."

"Niliuacha mpaka nimwone Pook mwenyewe. Alipelekwa hospitali kabla sijamaliza."

"Ulikuwa umesimama hatua ngapi kutoka kwake?"

"Nne, mkuu. Tano."

"Alipobebwa alipita karibu nawe?"

"Ndiyo."

"Ulinusa nini?"

Nje fundi alikuwa anagonga, akaacha, akaanza tena. Tresidder aliyatazama makaratasi ya mezani. Juu kabisa palikuwa na karatasi nyembamba, ndogo, tupu.

"Ramu," alisema. "Lakini wenzake ndio walio—"

"Sikukuuliza wenzake. Wala sikwambii uandike kuwa mtu amelewa. Hilo ni juu ya dhamiri yako. Nimekuuliza ulinusa nini, umenijibu. Admirali ananiuliza kwa nini nanga ya pili ilichelewa kushika. Sina jibu ila kwamba breki ilikuwa mikononi mwa mtu ambaye..." Aliinua mabega. "Andika ulichonusa. Si zaidi."

Tresidder alichukua kalamu. Aliandika: Alinuka ramu. Maneno mawili. Kila herufi ilikuwa kweli, na alijua, wino ukiwa haujakauka, kwamba ameandika uongo.

Kapteni alikikausha cheti, akakiweka kando. Kisha akaivuta ile karatasi tupu akaanza kuandika kwa mwandiko wake mzuri.

"Karani wangu ni mzembe," alisema bila kuinua kichwa. "Ile ya kwanza, iliyokosa neno, ichane."

*

Kwa wiki mbili nyumba ile ilikuwa na amani. Winifred alipita kwa fundi wa sare akaulizia kofia ya kamanda, ile yenye majani ya dhahabu ukingoni, akidai anamuulizia binamu. Mzee Luscombe alipunguza maneno. Usiku Tresidder alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimshangaza.

Jumatano tarehe ishirini, baada ya chakula cha mchana, mwanamke aligonga mlango wa mbele. Alikuwa na koti zito kwa siku ya joto, na sindano mbili zimechomekwa kolani, kama wanawake wanaoshona koseti za kubana kiuno viwandani. Winifred mwenyewe alifungua, kwa sababu msichana wa kazi alikuwa na mapumziko.

"Mlango wa biashara uko nyuma, mama."

"Sikuja kuuza kitu, bibi. Mimi Edie Pook. Namtaka bwana."

"Bwana hayupo."

"Kofia yake ile pale kwenye msumari."

Tresidder aliisikia sauti ile kutoka chumba cha kulia. Angeweza kukaa. Alitoka na leso ya chakula bado mkononi.

"Mwache aingie, Winifred."

Edie Pook aliingia hatua mbili, akasimama kwenye mkeka. Hakukaribishwa kiti, wala hakukitafuta.

"Keshokutwa Ijumaa Jabez anasimama mbele ya madaktari," alisema. "Jana karani wa hospitali kamsomea cheti chako. Alinuka ramu. Unajua alifanya nini? Alicheka. Tangu aumie sijamwona anacheka, jana kacheka mpaka muuguzi kaja."

"Kwa nini alicheka?"

"Kwa sababu hanywi, bwana. Mwaka wa kumi na moja huu. Siku ya posa, baba yangu alimwapisha mbele ya kanisa zima, nikimwona na glasi namrudishia pete. Muulize yeyote mtaani kwetu. Wanamwita Mchungaji Pook, wanamtania."

"Lakini palikuwa na ramu," Tresidder alisema. "Niliinusa."

"Walimmiminia! Anapiga kelele, vidole havipo, mwenzake kambana mdomo kamtia. Kaitema yote kifuani. Sasa mtu akimwagiwa pombe basi yeye ndiye mlevi?" Alijifuta midomo. Alipoendelea sauti ilikuwa imeshuka. "Sikuja kugomba. Nimekuja kukuomba uandike vizuri. Wewe ni msomi, kalamu yako."

Winifred alisema, "Mama Pook, bwana ameshaandika alichokiona. Hawezi tena—"

"Ngoja," Tresidder alisema. "Ramu yake ya mchana. Kila baharia hupewa kipimo chake. Yeye anakifanyia nini?"

"Hakichukui. Anachukua peni tatu badala yake, kila siku iliyoumbwa. Ndizo tulizonunulia cherehani."

Baharia asiyechukua ramu huandikwa herufi T, alama ya asiyekunywa, mbele ya jina lake katika daftari la mishahara, ili mhasibu ajue kumlipa zile peni. Mbele ya jina la Pook palikuwa na T, mwezi kwa mwezi, miaka kumi na mmoja. Tresidder alikuwa naye melini miaka miwili na nusu, alijua nguvu ya mikono yake na alijua fundo lipi humshinda; lakini hilo hakulijua, kwa sababu maafisa hawasomi madaftari ya peni tatu.

Edie naye hakujua kama neno lile lina uzito. Kwake ilikuwa habari ya cherehani tu.

Winifred alikuwa amekwenda kwenye kabati. Alirudi na noti mbili za pauni zilizokunjwa mara nne.

"Chukua hizi kwa sasa. Za kuwasaidia."

Edie alizitazama bila kunyoosha mkono. "Za nini, bibi?"

"Nimesema, za kuwasaidia."

"Kama mna deni letu, semeni ni deni la nini. Kama hamna, mimi sijaomba." Alimgeukia Tresidder. "Ijumaa saa nne asubuhi, bwana."

Alijifungulia mlango mwenyewe.

*

"Siku kumi," Winifred alisema, Tresidder alipokwisha kumweleza habari ya daftari. "Nakuomba siku kumi tu. Jumamosi ya tarehe thelathini orodha inatoka. Jumatatu yake unakwenda, unaandika unachotaka, ukiwa kamanda. Hata watakusikiliza zaidi."

"Baraza ni Ijumaa. Cheti kikishapita barazani hakifunguliwi tena."

"Nani kasema?"

"Kanuni zimesema."

"Kanuni! Na nani atalifungua hilo daftari?"

"Hakuna."

"Yule mwanamke analijua?"

"Halijui."

"Basi?"

Winifred aliketi kwenye ngazi, akiwa bado na zile noti mkononi.

"Miaka kumi na minne nimefunga masanduku," alisema. "Malta, Hong Kong, Malta tena. Rosalind kazaliwa wewe uko Bermuda. Nimewanywesha chai wake za makapteni ambao nisingewaachia paka wangu. Nimecheka vichekesho vyao. Sikudai kitu, Rowland, nilijua kuna siku. Siku yenyewe ndiyo hii, nawe unataka kuitoa kwa vidole vya mtu ambaye hata hukujua kama anakunywa."

"Ndiyo hiyo. Sikujua, na niliandika."

"Uliandika ulichonusa."

"Nilijua ilikotoka. Niliwaona wakimmiminia, Winnie. Nilikuwa hatua nne."

Hilo hakuwa amemwambia. Winifred alimtazama kwa muda, na uso wake haukuwa na hasira tena, ulikuwa na hofu.

Mzee Luscombe alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, amevaa viatu vya nyumbani. Hawakujua amesikia kiasi gani.

"Nyamaza, kijana," alisema. "Mimi nilisema kweli mara moja tu, mwaka 1906. Faida yake mnaiona."

Akafunga mlango.

*

Alhamisi asubuhi Tresidder alikwenda gatini. Kwanza alipita kwa mhasibu wa meli, akaomba daftari. Mhasibu, mtu mnene aliyekuwa akila tufaha, alimwuliza analitafutia nini. Tresidder akasema herufi moja. Waliipata katika ukurasa wa nne. Alinakili ukurasa, mhasibu akauthibitisha kwa saini na kuuliza kama kuna kosa katika malipo. "Hakuna," Tresidder alisema. "Malipo yako sawa."

Kisha alipanda kwa kapteni. Garside alisoma nakala, akasoma cheti kipya, ambacho Tresidder alikuwa ameandika juu yake: Alikuwa timamu. Ramu alimiminiwa baada ya kuumia, nikishuhudia. Alivisoma vyote mara mbili, bila haraka.

"Unajua unaniambia nini?" alisema. "Unaniambia ulitia saini uongo kwenye hati ya serikali."

"Ndiyo, mkuu."

"Mimi nilikuuliza ulinusa nini. Sikukwambia uandike alikuwa amelewa. Unakubali?"

"Nakubali."

"Kwa hiyo kosa ni lako peke yako."

"Maandishi ni yangu, mkuu. Lakini nanga ilichelewa kwa sababu nyingine. Nilikuja kukuarifu saa mbili na dakika arobaini. Imeandikwa kwenye daftari la sitaha."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi, mkuu."

"Imeandikwa na afisa," Garside alisema kwa upole ule ule, "ambaye leo amekuja kukiri kwamba huandika uongo. Sasa Admirali atachukua neno la nani? Hukufikiri hilo ulipokuwa unakuja?"

Alikuwa amelifikiri. Alilifikiri tangu mtaa wa kwanza, akalifikiri kwenye lango la gati, akalifikiri ngazini. Cheti kipya kikisimama, ushahidi wake mwenyewe juu ya kapteni unaanguka.

"Nililifikiri," alisema.

Kapteni alimtazama kama mtu anayetazama mnyama wa aina asiyoijua. "Una binti, Tresidder. Cheti cha kwanza kiko bado hapa mezani kwangu. Hospitali wana nakala tu. Ukitaka, chukua hiki chako utoke nacho. Sitamwambia mtu kuwa ulikuja."

Mafundi walikuwa wamekwenda kunywa chai. Palikuwa kimya mno. Tresidder alinyoosha mkono, na kwa kitambo kidogo hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika mkono ule unakwenda kuchukua kipi. Alichukua cheti cha kwanza. Alikichana vipande viwili, kisha vinne, akaviweka mezani mbele ya kapteni kwa sababu hakuona pa kuvitupa.

"Cha Pook kiende hospitali leo, mkuu. Baraza ni kesho saa nne. Mhasibu ana nakala ya pili ya ukurasa ule, nimemwambia aipeleke mwenyewe."

"Umefanya mambo yako kwa mpangilio mzuri," Garside alisema. "Daima umekuwa afisa mwangalifu." Akavuta karatasi ya barua akaanza kuandika kwa Admirali hapo hapo, wakati Tresidder bado amesimama. Hakumwambia aende. Alimwacha asimame mpaka akajaza ukurasa mzima, akageuza, akaandika wa pili.

*

Jabez Pook alisimama mbele ya madaktari Ijumaa, mkono ukiwa umefungwa. Waliuliza maswali sita. Cheti kilipita.

Jumamosi tarehe thelathini orodha ilitoka, na majirani wawili wa mtaa ule walipata majani yao ya dhahabu. Winifred aliwapelekea kadi za pongezi, kwa mkono wake, siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata barua ilikuja kutoka London ikimwambia Tresidder kwamba mabwana wakubwa wa jeshi la majini hawajafurahishwa naye, na kwamba wangelipokea kwa wepesi ombi lake la kustaafu. Alilipeleka. Juu ya nanga ya Halidon hakuna aliyeulizwa tena. Iliandikwa kuwa ni hali ya hewa.

Pook alipata pensheni ya shilingi kumi na moja kwa wiki, kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hajui kukata mkate kwa mkono wa kushoto; mkewe humkatia kabla ya kwenda kiwandani. Hakuja Southsea kushukuru, na hapakuwa na sababu aje.

Tresidder aliingia jeshini akiwa na miaka kumi na mitatu, akatoka ana thelathini na minane. Miaka ishirini na mitano. Alipata ukatibu wa klabu ya gofu huko Dorset, chumba kimoja juu ya stoo ya vifaa. Rosalind hakwenda bweni. Nyumba ya Southsea ilirudishwa kwa mwenyewe aliyewapangisha mwezi wa Septemba. Mzee Luscombe alihamia kwa binti yake mwingine, akaishi miaka mitatu zaidi, na katika miaka hiyo hakumwandikia mkwewe hata mstari mmoja. Winifred alikwenda kwa dada yake kwa wiki sita za mapumziko. Alikaa huko miezi kumi na tisa.